Kilimanjaro kwa Siku Moja

Wengi wetu hapa Tanga hudhani Kilimanjaro ni ya wageni wenye siku sita za kupanda. Sivyo. Ukilala Moshi, asubuhi utaingia kwa lango la Marangu pamoja na mwongozaji, na kwa mwendo wa saa tatu hivi msituni utafika Mandara, mita 2,700. Jioni umesharudi.

Panda kidogo hadi kreta ya Maundi. Mawingu yakitawanyika utaiona Kibo. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake imetoweka. Hata hivyo, msitu uliopita ndio hasa unaonasa mvua na ukungu vinavyoulisha Mto Pangani, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale. Anayeufyeka msitu huo anamkausha mkulima wa Korogwe.