Mwendo wa Lori Lililosimama

Tangu mwaka 2017, Uganda, Kenya na Rwanda zilipoanzisha mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena zipitazo baina yao, safari ya lori kutoka Mombasa hadi Kampala au Kigali huweza kuandikwa na chombo kinachopokea mawimbi ya setilaiti za GPS. Aghalabu linalozungumzwa ni njia iliyofuatwa na lori. Yafaa pia ijulikane chombo hicho huandika nini lori linapokuwa limesimama, kwani hapo ndipo dereva asiye na hatia huweza kushukiwa.

Setilaiti hizo ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Chombo hupima muda uliotumiwa na mawimbi kutoka setilaiti zisizopungua nne, kisha hukadiria mahali kilipo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300. Anga la juu huyachelewesha mawimbi, na kuta na mabati ya maghala huyarudisha kama mwangwi. Kwa sababu hiyo, lori lililolala Malaba halionekani katika ramani kuwa nukta moja, bali kundi la nukta zinazotangatanga, mithili ya mbuzi aliyefungwa kambani. Hali ilikuwa mbaya zaidi kabla ya Mei 2000, Marekani ilipokuwa ikilitia kosa hilo kwa makusudi.

Mathalani, chombo kikiandika nukta kila sekunde 10, na kila nukta ikahama mita 3 tu, baada ya saa 10 hesabu itakaribia kilomita 11, ilhali gurudumu halijazunguka hata mara moja. Kwa mwajiri agawaye mafuta kwa kilomita, hilo si jambo dogo.

Watengenezaji wameitafutia hali hiyo dawa. Vyombo vingi hutambua mtikisiko. Lori likitulia, huishikilia nukta moja au huandika mara chache, na betri hudumu. Lakini katika foleni ya mpakani lori husogea kidogo, likasimama, likasogea tena. Chombo huweza kuikosa misogeo hiyo, kisha kikaruka mbele ghafla, na ofisa akadhani kimechezewa. Kwa hiyo panapotokea shauri, nukta za namna hiyo hazina budi kusomwa pamoja na mita ya kilomita ya lori lenyewe na saa injini ilipozimwa.