Fursa za Soko la Programu za Kutengenezea Muziki Afrika Mashariki: Mfano wa Amadinda ya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwamba fursa ya soko la programu za kutengenezea muziki katika ukanda wetu haimo katika kuunda programu nyingine kubwa ya kushindana na zilizopo, bali katika kuziba mapengo ambayo programu hizo zimeyaacha. Mapengo yanayojadiliwa ni manne: malipo, simu, mizani ya sauti na lugha.

1.0 Utangulizi

FruityLoops, ambayo leo huitwa FL Studio, ilitoka Ubelgiji mwaka 1997. GarageBand ya Apple ilifuata mwaka 2004, na kuanzia 2011 ikapatikana pia katika vishikwambi na simu za kampuni hiyo. Tangu hapo, kazi iliyohitaji studio imewezekana chumbani. Singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ilikuzwa kwa kompyuta za kawaida. Mkusanyo wake, Sounds of Sisso, ulitolewa Kampala mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes. Watengenezaji wa muziki, basi, tunao. Swali ni nani anawaundia zana, na kwa masharti gani.

2.0 Malipo na Simu

Programu nyingi huuzwa kwa mkupuo au kwa ada ya mwezi inayokatwa kwenye kadi ya benki. Kijana anayepata kipato kwa vipande hawezi kuufuata utaratibu huo, na mara nyingi huishia kwenye nakala isiyo halali. Hata hivyo, M-Pesa imekuwapo Kenya tangu 2007, na huduma ya MTN ya pesa kwa simu imekuwapo Uganda tangu 2009. Leseni ya siku au ya wiki, inayolipiwa kama kifurushi cha simu, ingemgeuza mtumiaji huyu kuwa mteja.

Pengo la pili ni la kiufundi. Simu nyingi za ukanda huu hutumia Android, mfumo ambao kwa miaka mingi ulichelewesha sauti baada ya kidole kugusa kioo. Kuchelewa huko kukizidi, mpigaji hupoteza mdundo. Toleo la Android 8.0 la mwaka 2017 lilileta AAudio, njia fupi zaidi ya kupitishia sauti, lakini matokeo bado hutegemea ubora wa simu. Mbunifu anayeijaribu programu yake kwenye simu za bei nafuu, tena bila intaneti, ana faida dhidi ya mshindani aliye mbali.

3.0 Mizani ya Sauti

Pengo hili ndilo zito zaidi, kwa kuwa linagusa muziki wenyewe. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimegawa oktava katika nusutoni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12, hugawa oktava katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, takriban senti 240 kila moja. Hatua ya kwanza ikilazimishwa kuingia katika nusutoni iliyo karibu, yaani senti 200, hupotoka kwa senti 40 hivi, tofauti ambayo sikio huitambua bila shida.

Mdundo nao una tatizo lake. Wapigaji wawili husukana, mmoja akipiga okunaga na mwingine akiingiza okwawula katikati ya mapigo ya mwenzake, katika mizunguko ya mapigo 24, 36 na zaidi. Kisanduku cha hatua 16, ambacho mwanafunzi hukikuta kwanza katika FL Studio, hakiupokei mzunguko huo mpaka kibadilishwe.

Kitaalamu, ufumbuzi upo. Leimma, zana ya mizani iliyobuniwa na Khyam Allami pamoja na Counterpoint, ilitolewa bila malipo mwaka 2021. Ableton Live 12 ya mwaka 2024 nayo inaruhusu mizani mbalimbali. Kinachokosekana ni mizani zetu kuwekwa tayari, zikiwa na majina yake, katika zana ya simu.

4.0 Lugha na Haki

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021. Programu yenye menyu na mafunzo ya Kiswahili ingehudumia soko linalovuka mipaka, mradi istilahi zisanifiwe kwa pamoja.

Aidha, sampuli za sauti ni bidhaa. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi nchini humo katikati ya karne ya 20. Hifadhi za namna hiyo zikigeuzwa sampuli bila mkataba, mnunuzi na muuzaji watafaidika, na jamii ya wapigaji itaambulia patupu.

5.0 Hitimisho

Washauri wa sera wanapendekezewa mambo matatu: kurahisisha malipo ya simu ya kuvuka mipaka kwa bidhaa za kidijitali, kugharimia upimaji wa mizani za ala pamoja na wapigaji wenyewe, na kuweka mkataba wa mgawo kabla ya sampuli yoyote kuuzwa. Jambo la pili halisubiri, kwani kizazi kinachojifunza muziki kwenye simu kitaichukulia mizani kinayoikuta humo kuwa ndiyo sahihi.