Tunaogopa Maji, Hatuogopi Magurudumu

Miongoni mwa barua nilizopokea mwezi huu iko moja kutoka Mwanza, ya mama ambaye kijana wake na wenzake wanane wa ofisini wamekwisha kulipia matembezi ya siku moja huko Jinja, nchini Uganda. Matembezi hayo yana sehemu mbili: kuendesha pikipiki za magurudumu manne vijijini, na kuteremka Mto Nile kwa boti ya mpira penye maji ya kasi. Mama huyu hakuuliza habari za pikipiki hata kwa neno moja. Aliuliza maji tu: je, mtu asiyejua kuogelea vizuri atatoka salama?

Barua hiyo imenifikirisha, kwa sababu nami nilipokwenda Jinja nilikuta hali hiyo hiyo. Tulikuwa watu kumi na wawili. Tangu chai ya asubuhi mazungumzo yalikuwa ya mto, na kuna bwana mmoja aliyekuwa hamezi hata mkate. Pikipiki tulizichukulia kama mchezo wa kupoteza muda mpaka zamu ya maji ifike. Mimi naona hofu yetu imekaa mahali si pake, na leo nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na huo mto. Ziwa Viktoria hupokea maji ya mito mingi, ukiwemo Kagera wetu, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao uko Jinja. Mzungu aitwaye John Hanning Speke alipofika hapo mwaka 1862 alikuta maporomoko, akayapa jina la Ripon. Leo huwezi kuyaona. Yalipotea baada ya kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Hata hivyo, kutoka bwawa hilo kwenda kaskazini mto uliendelea kushuka kwa ngazi, mwamba baada ya mwamba, na tangu mwaka 1996 biashara ya kuteremsha wageni kwa boti za mpira ikaota mizizi hapo. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali lilianza kazi, likazamisha maporomoko ya Bujagali. Mwaka 2019 likafuata la Isimba, likazamisha sehemu nyingine huko chini. Umeme ni jambo jema, na sitaki kumwambia mtu wa Jinja akae gizani ili mimi nipate kurushwa na mawimbi. Lakini vijana wengi wa kando ya mto waliojifunza kazi ya uongozaji wameona kiwanja chao kikifupishwa mara mbili katika muda wa miaka saba. Kilichobaki ni kipande cha katikati ya mabwawa hayo mawili, na maji yake huongezeka na kupungua kwa kadiri bwawa la juu linavyoyaachia.

Sasa, maji ya kasi ni nini? Mto unapopita mahali penye mteremko na mawe, maji hujigonga, hujikunja na kumeza hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoyafanya yawe meupe kama povu la sabuni. Msikilizaji, kumbuka jambo hili: povu halibebi mtu kama maji matupu yanavyombeba. Ndiyo maana aliyeanguka huzama kidogo hata kama amevaa jaketi la kuokolea maisha, kisha huibuka povu linapopungua. Nyuma ya jiwe kubwa kuna hatari nyingine. Maji yakishapita juu ya jiwe huanguka, halafu ya juu hurudi nyuma kujaza pengo, yakawa yanazunguka mahali pamoja. Kitu kikiingia humo kinaweza kugeuzwa geuzwa kabla ya kuachiwa.

Wenye kazi hii wameupanga ukali wa maji kwa madaraja sita. La kwanza mtoto anaweza kupita. La tano ni la mwisho ambalo mgeni wa kulipa huteremshwa. La sita kwa kawaida haliuzwi. Katika Nile ya Jinja kuna mahali paitwapo Itanda, na kipande cha juu cha maporomoko hayo ni cha daraja hilo la sita. Pale waongozaji, watu wanaoujua mto kama unavyojua njia ya kwenda kwako, hushuka, hubeba boti nchi kavu, na kuzirudisha majini huko chini. Hakuna anayewacheka.

Pamoja na hayo yote, Nile ya Jinja ina huruma kuliko mito mingi. Maji yake ni mengi na ya vuguvugu, miamba mingi iko chini sana, na baada ya kila mteremko hufuata maji matulivu marefu. Boti ikipinduka, na hupinduka, watu huokotwa huko kwenye utulivu. Mbele ya boti hutangulia vijana katika mitumbwi midogo ya mtu mmoja, kazi yao ikiwa ni kuokota tu. Mwongozaji hukaa tezi na kafi lake, nanyi mko omo na ubavuni mkimsikiliza. Akisema mbele, mnapiga mbele. Akisema chini, mnaingia ndani ya boti na kushika kamba. Kabla ya kuondoka hupewa somo zima: ukianguka lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu juu. Usijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kati ya mawe mto utakulaza kifudifudi na hutainuka tena. Ukiibukia chini ya boti, sukuma kwa mikono ukielekea upande mmoja tu mpaka utoke.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kisoga mwenye Kiswahili kizuri cha sokoni. Alinivuta jaketi kwa juu, kwenye mabega, likapanda mpaka masikioni. Akasema, "Mzee, hili litakuacha majini liende lenyewe." Akakaza mikanda mpaka nikahisi mbavu. Basi hiyo ndiyo namna ya kupima jaketi, nami nakupa bure.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama wa Mwanza ni hili: asiyejua kuogelea vizuri huchukuliwa, mradi aseme kabla ya kuingia majini. Huweza kuwekwa kwenye boti ambayo mwongozaji anaiendesha mwenyewe kwa makasia marefu na kuchagua njia za pembeni. Anayenitisha ni yule anayeficha kwa kuona haya mbele ya wenzake. Sisemi hakuna anayekufa mtoni. Nasema kwamba katika mto kila hatari ina mtu aliyepewa kazi ya kuiangalia.

Tukitoka mtoni kwenda kwenye pikipiki, mambo ni kinyume. Pikipiki ya magurudumu manne inadanganya kwa sura yake. Unaiona pana, imekaa imara, haihitaji kusawazishwa kama baiskeli. Mtu husema, hii itaanguka vipi? Ukweli ni kwamba iko juu, ni fupi, na ina uzito wa kilo 200 hadi zaidi ya 300. Gari lina difu, ambayo huruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Nyingi ya pikipiki hizi hazina difu nyuma. Ekseli ni moja na magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa. Ukikata usukani, mashine bado inataka kwenda moja kwa moja. Dereva anatakiwa ausogeze mwili wake kuelekea ndani ya kona ili kuisaidia. Mgeni hajui. Huketi wima kama yuko kwenye kiti cha basi, kona inamkataa, anashtuka, na kidole gumba, ambacho ndicho kinachosukuma mafuta, kinabana badala ya kuachia. Hapo mashine hupanda tuta au kugonga mti, na ikipinduka humlalia aliyeiendesha.

Wanaoendesha pikipiki za kawaida wana kosa lao maalumu. Wakiona mashine inayumba hushusha mguu chini, kama afanyavyo bodaboda. Kwenye magurudumu manne, mguu ulioshushwa huwa mbele ya gurudumu la nyuma, na gurudumu hilo huupanda. Mguu ubaki juu ya kikanyagio chake, liwalo na liwe. Halafu kuna suala la kupakizana. Nyingi ya mashine hizi zimeundwa kwa mtu mmoja. Ukimweka wa pili nyuma, uzito unarudi nyuma, na mlimani magurudumu ya mbele yananyanyuka.

Haya si maneno yangu ya kutishia watu. Nchini Marekani mashine za aina hii zilianza na magurudumu matatu. Zikaua na kulemaza watu wengi, wakiwemo watoto, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuziuza. Zile za magurudumu manne zilizochukua nafasi yake zimekuwa afadhali, lakini bado huua mamia ya watu kila mwaka nchini humo, na chama cha madaktari wa watoto kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiziendeshe kabisa. Huko Australia, ambako wakulima huzitumia mashambani, ajali za kupinduka zilizidi mpaka serikali ikaamuru kwamba tangu Oktoba 2021 kila mashine mpya ya kazi iuzwe ikiwa na fremu ya kumkinga dereva. Kampuni kubwa kadhaa, Honda na Yamaha miongoni mwao, ziliacha kuziuza nchini humo. Sasa linganisha na tulivyofundishwa sisi. Mtoni tulipewa somo refu na kufanyishwa mazoezi ya kupinduka. Kwenye pikipiki tulizungushwa mara mbili uwanjani, tukaambiwa huku mafuta, huku breki, twende.

Tena mtoni nahatarisha nafsi yangu. Barabara ya vumbi inapita katikati ya migomba na mahindi ya watu, milangoni mwa nyumba zao. Watoto hutoka mbio wakipunga mikono, na mgeni huwageukia naye apunge. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa mkononi. Kila mmoja wetu alitia saini karatasi kusema kwamba lolote likitokea halaumu mtu. Mtoto wa kijijini hakutia saini chochote. Mwenzetu mmoja alipita mahali pa namna hiyo kwa mwendo wa kushindana, vumbi likafunika mkeka wa mihogo iliyoanikwa. Mama mwenye mihogo alisimama akatutazama, hakusema neno. Kiongozi wa msafara aligeuka, akazima mashine ya mwenzetu yule na kuchukua ufunguo. Nilimheshimu sana kwa hilo, maana aliyelipa hapendi kunyang'anywa.

Kwa hiyo, msikilizaji unayefikiria matembezi ya namna hii, maswali yako uyaelekeze kwenye magurudumu. Uliza mafunzo ni ya dakika ngapi, na kama wanakupima kwenye kona na mlima kabla ya kuingia kijijini. Uliza kama mashine ina kizuizi cha mwendo kwa wanaoanza. Tazama kofia ngumu: ikicheza kichwani omba nyingine. Vaa viatu vya kufunika kifundo na suruali ndefu, siyo kandambili ulizoandaa kwa ajili ya mto. Na ikiwa unaruhusiwa kuchagua, anza na pikipiki asubuhi, mto uwe mchana. Mtu aliyetoka mtoni mikono yake imechoka kwa kafi, ana kiu, na kichwani anajiona shujaa. Isitoshe, safari nyingi za mtoni huishia kwa nyama choma na bia. Kumpandisha mtu huyo kwenye mashine ya kilo 300 ni kumtafutia balaa.

Limebaki jambo moja dogo ambalo halimo kwenye matangazo ya biashara hii, nalo ni kichocho. Watu wa kanda ya ziwa wanakijua. Konokono wanaoeneza ugonjwa huo hawakai kwenye povu. Wanapenda kingo tulivu zenye majani, pale pale boti zinapopumzishwa na watu wanapojitosa kuoga. Ukirudi nyumbani usikimbilie dawa siku hiyo hiyo. Prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, haina nguvu juu ya ile michanga. Andika tarehe ya safari kwenye kalenda, hesabu miezi miwili hadi mitatu, ndipo uende zahanati kupimwa, hata kama hujisikii kuumwa. Ukipata homa au ukaona damu kwenye mkojo au choo kabla ya hapo, usingoje kalenda, nenda, na umwambie daktari kwamba uliogelea Jinja.