Nozeli Inapodondosha

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche? Pistoni hubana hewa mpaka ikapita nyuzijoto 500, kisha dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, aliyefanikisha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alilazimika kuyapuliza mafuta ndani kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa. Leo kazi hiyo ni ya nozeli, ambayo matundu yake mara nyingi hayafiki hata robo ya milimita. Kwenye magari mengi ya kisasa mafuta hupita hapo kwa mgandamizo unaoweza kufika bar 1,600 na zaidi, ilhali tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushee tu.

Nguvu yote hiyo ni ya kuipasua dizeli iwe ukungu. Vibanzi hushika moto upesi, gogo hufuka. Na matone ni hivyo hivyo. Sindano ya nozeli ikilika au ikigandwa na uchafu, matone huwa makubwa, muda wa kuungua hauyatoshi, na kinachobaki hutokea kwenye ekzosi kikiwa masizi. Dereva akiona gari zito, anakanyaga zaidi. Hapo ndipo linapoanza kula mafuta.

Lori kuukuu lililosheheni, likipanda mlima Kitonga kule Iringa, linaweza kutoa wingu jeusi kidogo dereva anapobadili gia. Likitoa moshi mfululizo hata barabara tambarare, kuna tatizo. Lakini moshi mweusi hausemi nozeli peke yake. Filta ya hewa iliyoziba au mpira wa turbo uliopasuka huleta moshi ule ule, kwa kuwa hewa haitoshi. Inaniuma sana kuona mtu akiuziwa seti nzima ya nozeli kabla filta haijafunguliwa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe unaowasha macho, injini ikiwa imeshapata moto, ni dizeli isiyoungua.

Na kama gari linakula mafuta lakini hakuna moshi wowote? Shika rimu moja moja baada ya safari: breki inayong'ang'ania huifanya iwe ya moto kuliko nyingine. Pima upepo wa matairi. Angalia geji ya joto, maana thamostati iliyokwama wazi huiacha injini baridi, na injini baridi hula zaidi.

Kabla ya yote hayo, pima ulaji wenyewe. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, tembea, kisha jaza tena kituo kile kile. Kilomita 240 kwa lita 30 ni kilomita 8 kwa lita. Fanya hivyo mara kadhaa, kwa mzigo na njia ile ile.

Nozeli ya kizamani hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji: inatakiwa irushe ukungu, na kabla haijafunguka ncha yake ibaki kavu. Usikinge kidole kamwe. Mruko ule hupenya ngozi, na hata kidonda kikiwa kama tundu la sindano, ni cha kukimbiziwa hospitali saa ile ile.

Za kisasa, fundi makini huzipima kwanza zikiwa kwenye injini. Huunganisha mpira mwembamba kwenye njia ya marejesho ya kila moja, akaelekeza kwenye chupa yake, na kuwasha gari. Mafuta ya marejesho kwa kawaida hurudi tangini, hayapotei, lakini huonyesha ulikaji wa ndani. Inayojaza chupa haraka kuliko nyingine ndiyo ya kufungua.