Saa 47 za Dressrosa

Dressrosa ni kisiwa kimoja tu katika One Piece, katuni ndefu ya Kijapani, lakini ukitaka kukitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho jiandae kwa vipindi 118. Kila kipindi ni kama dakika 24. Piga hesabu, utapata saa 47. Mpwa wangu anasoma shule ya bweni huko Bungoma, simu hazikubaliwi, na likizo ya Agosti ni ya wiki chache. Humo humo kuna mahindi ya nyanya yake ya kuvuna, kuna masomo ya ziada, na kuna stima inayopotea mvua ikianza kutishia. Ndiyo maana akishuka matatu hapa Kitale na flashi yake ya GB 8 haniombi One Piece. Husema, "Anko, niwekee One Pace."

One Pace ni kazi ya mashabiki wa kujitolea, walioianza mwaka 2013. Wanachukua vipindi vilivyotoka Japani, wanaviweka kando ya manga, yaani kitabu cha picha chenyewe, kisha wanakata kila kisichokuwemo kitabuni. Dressrosa yao haifiki hata nusu ya ile ya televisheni.

Kwa nini kulikuwa na cha kukata? Eiichiro Oda alianza kuchora manga ya One Piece Julai 1997, sura moja kwa wiki, kurasa zisizofika hata ishirini. Studio ya Toei Animation ikaanza kuirusha hewani Oktoba 1999, nayo kila wiki. Mchoraji huchora kwa mkono mmoja, na huugua. Televisheni haina likizo. Baada ya muda anime, yaani katuni ya televisheni, humfikia mchoraji mgongoni, na hapo studio ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutunga visa vyake yenyewe hadi mwandishi asonge mbele. Mashabiki huviita fila. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, na kuanzia cha 136 karibu vyote ni fila. Bleach ina ukoo mzima wa maadui, Bount, ambao hawamo kabisa kwenye manga ya Tite Kubo.

Njia ya pili ni kuvuta, na hapo ndipo One Piece ilipobobea. Wimbo wa mwanzo, kisha marudio ya wiki iliyopita, kisha shujaa Luffy anapanda ngazi mbio. Kamera inamwacha, inamwendea mwenzake Zoro aliyekunja uso, inamwendea Usopp anayetetemeka, inawapitia raia mmoja mmoja wakiwa wameachama vinywa, halafu inarudi kwa Luffy. Bado yuko kwenye ngazi. Ugonjwa huu si mpya. Katika Dragon Ball Z, Frieza alitangaza kwamba sayari ya Namek ingelipuka baada ya dakika tano, na dakika hizo tano zikala karibu vipindi kumi.

Mimi ni Mbukusu, siogopi maneno marefu. Mzee mwenye heshima akishazikwa, omuswala kumuse husimama mbele ya watu akazungumza kwa saa kadhaa, wala hakuna anayeangalia saa, kwa sababu kila jina la ukoo analolitaja lina mtu wake pale uwanjani. Raia walioachama vinywa Dressrosa hawana mtu wao. Wamewekwa pale kujaza nusu saa ya Jumapili asubuhi ya Japani. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba wakataji wa One Pace wanaharibu hadithi. Wanachokata ni ratiba ya televisheni.

Na si kazi ya mkasi tu. Ukitoa sekunde kumi za mshangao, muziki uliokuwa ukipita chini yake unakatika katikati, kwa hiyo lazima utafute kipande kingine cha kuziba. Maandishi ya tafsiri nayo hupangwa upya. Kisheria picha ni mali ya Toei, na ruhusa hawakupewa. Tofauti yao na muuza muvi wa stendi ni kwamba wao hawauzi.

Sisi huku tulizoea kinyume cha kukata. Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro hapa Kenya, na mavijei wa Uganda ambao sauti zao zimevuka Malaba zikaingia Bungoma, wote waliichukua filamu ya watu wakaiongezea maneno. Hawa wa One Pace wanapunguza.

Hatimaye wenye mali nao wamekubali. Novemba 2024 Toei ilianza kurusha upya kisa cha One Piece cha Kisiwa cha Wanasamaki, kilichokuwa na takribani vipindi 58, kikiwa kimekatwa hadi 21. Baadaye ikatangaza kwamba kuanzia 2026 One Piece haitazidi vipindi 26 kwa mwaka. Imechukua zaidi ya robo karne.

Lakini nina ugomvi mmoja na wanaofuta kila fila bila kutazama. Fila ya One Piece iitwayo G-8, kuanzia kipindi cha 196 hadi 206, haimo kwenye manga: Luffy na wenzake wanaanguka na meli yao ndani ya ngome ya wanamaji, na inabidi watoroke kwa ujanja. Ni miongoni mwa visa vya kuchekesha kuliko vyote katika anime hiyo. Vipindi hivyo 11 huviweka kwenye flashi ya mpwa wangu bila kumuuliza, na nikikosa nafasi, nafuta video za mpira.