Bingwa Hulelewa: Funzo la Phiona Mutesi kwa Wasichana wa Mpakani

Maisha ya Phiona Mutesi husimuliwa kama muujiza: binti wa mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, aliyeacha shule kwa kukosa karo, akauza mahindi ya kuchemsha, kisha akawa bingwa wa sataranji na kutengenezewa filamu mwaka 2016, Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake. Kwetu Moding na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako wasichana nao huwauzia madereva wa malori ndizi na mahindi, simulizi hiyo inavutia lakini inaweza kupotosha. Muujiza hauna la kumfunza jirani. Humwacha akisubiri wake. Ukizifuata hatua za Phiona moja baada ya nyingine, utaona kwamba aliinuliwa na mambo ambayo jamii yoyote inaweza kuyapanga.

Yapata mwaka 2005 alimfuata kaka yake hadi kwa mwalimu Robert Katende, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Katwe sataranji na kuwapa uji. Njaa ndiyo iliyomfikisha hapo. Aliyemwonyesha jinsi kete zinavyokwenda alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Kuanzia hapo akapata mwalimu asiyechoka, wenzake wa kushindana nao, na mashindano ya kwenda. Mwaka 2009 alikuwa katika timu ya watoto wa Uganda iliyoshinda mashindano ya Juba. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012, Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupewa hadhi na FIDE, shirikisho la mchezo huo duniani.

Kuna watakaosema sifa hizo zimezidi, kwa kuwa hadhi aliyoipata ni ngazi ya chini kabisa katika zile za wanawake, na hakuwahi kukaribia kuwa grandimasta, ngazi ya juu kabisa ya mchezo huo. Ni kweli. Lakini mtazame Judit Polgar wa Hungaria, aliyefikia ngazi hiyo mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na mwaka 2002 akamshinda bingwa wa zamani wa dunia, Garry Kasparov. Judit alifundishwa nyumbani tangu utotoni na baba aliyeamini kwamba vipaji hutengenezwa, akacheza na wapinzani wakali mwaka baada ya mwaka. Phiona alianza akiwa na umri wa miaka tisa hivi, shule ameiacha, tumbo tupu. Umbali kati yao hautoshi kuthibitisha kwamba mmoja alizaliwa na akili pungufu. Sehemu yake kubwa ni miaka ya malezi ambayo mmoja aliipata na mwingine akaikosa.

Mzazi wa Moding ana hoja nzito zaidi: mchezo haujazi sufuria. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, maana wengi wanaojifunza sataranji hawatalipwa hata shilingi moja kwa kuicheza. Hata hivyo, sataranji ilimrudisha Phiona darasani, na mwaka 2017 akaingia Chuo Kikuu cha Northwest nchini Marekani kwa ufadhili wa masomo. Asiyefika huko naye hubaki na mazoea ya kutulia, kupima matokeo kabla ya kutenda, na kukubali kushindwa bila kukata tamaa. Vifaa havigharimu mengi: ubao mmoja hutumiwa na watoto wengi kwa miaka, na wanaocheza drafti kwa vifuniko vya chupa wanajua kwamba ubao wa kadibodi unatosha. Kilicho ghali ni saa ya msichana. Kaka yake anapocheza, yeye yuko kisimani, jikoni au mpakani na beseni la ndizi. Shule zetu zikitenga saa moja baada ya masomo, zikaweka mwalimu na uji, na wazazi wakakubali kazi za nyumbani zigawanywe kati ya mvulana na msichana, tutakuwa tumewapa binti zetu kile kilichomwinua Phiona. Tusipofanya hivyo, tusiseme kwamba huku hakuna vipaji.