Kuchora Maua ni Kuhifadhi Elimu

Wako watu wanaodhani kwamba kuchora maua ni kazi ya kupamba ukuta tu. Sivyo. Bibi Joy Adamson alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa wakati ule, Peter Bally, bingwa wa elimu ya mimea, alimhimiza achore maua ya nchi hii, na mwaka 1947 akatunukiwa Uingereza nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Mchoraji wa namna hii hakisii. Huhesabu petali, hupima jani, huchora mbegu kando, naye huharakisha rangi kabla ua halijanyauka. Maana mmea uliokaushwa hupoteza rangi yake, bali picha huitunza.

Huku Kisii na Nyamira sote twala chinsaga. Je, ni wangapi waliolitazama ua lake, lenye petali nne na stameni sita ndefu? Wazee wetu wajua majina na dawa za mimea mingi, nao wakifariki elimu hiyo huzikwa pamoja nao. Basi, kijana mwenye penseli na aketi karibu na mzee, achore mmea, na chini yake aandike jina lake la Ekegusii.